Mtoto Aliyeitwa Sikujua

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Fundi cherehani alikuwa akikunja vitambaa ili afunge kibanda, na binti yake wa miaka minne akiokota vifungo sakafuni.

"Hodi..."

Mwanamke alisimama mlangoni, kajifunika kanga hadi puani. Harufu ya tope bichi ikajaa kibandani.

"Nimefuata gauni langu."

"Gauni lipi, dada?"

Mgeni alimwinamia mtoto. "Unaitwa nani, mama?"

"Sikujua."

"Lina maana gani jina hilo?" Sasa alikuwa akimtazama fundi.

Fundi akajibu alivyozoea kuwajibu wote. Ni jina la kike la tangu zamani, mtu humpa mwanawe akifikwa na jambo la ghafla. Naye mimba ya huyu hakuijua mpaka mwezi wa tano. Wateja huwa wanacheka hapo.

Huyu hakucheka.

Tone... tone... Pindo la kanga lilikuwa likichuruzika maji.

"Si hivyo," alinong'ona.

Fundi akaijua ile sauti.

Miaka mitano nyuma aliona mbao za kufunikia kisima cha kwao zimeoza. Siku hiyohiyo aligombana na mdogo wake kwa sababu ya gauni. Akamwona anachukua ndoo, anaelekea kisimani. Akanyamaza. Hasira ya kitambo kidogo tu. Msibani, kila aliyemuuliza kuhusu zile mbao alimjibu neno moja: sikujua. Na alipojifungua, mama yake alipouliza mtoto aitwe nani, neno lilelile likamtoka, kana kwamba likiitwa kila siku litageuka kuwa kweli.

"Nisamehe, mdogo wangu..."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imelowa.

Kibanda hakukifunga. Alimbeba mtoto mbio hadi kwa mama yake, akapiga magoti.

"Mama, nilijua. Zile mbao niliziona."

"Nilikuwa nasubiri useme," alisema mama. "Nani humpa mwanawe jina la kujitetea?" Wala hakumwambia ainuke.

Akamgeukia mjukuu. "Njoo kwa bibi, Sikujua."

Mtoto hakugeuka. Alikuwa ameelekea uani, kule kilikofukiwa kisima.

"Abee," akaitika.

Bibi akanong'ona, "Nani kakuita?"

"Mama mdogo. Anasema mimi ni Ulijua."

Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto yule kwamba alikuwa na mama mdogo.