Alhamisi ya Viti vya Kuazima

Kila siku akitoka shuleni, Kavutha alimchukua mdogo wake Wavinya kwa jirani, akachota maji kwenye mfereji wa mtaa, kisha akawasha jiko kabla mama yao hajarudi. Mama alikuwa akifua nguo za watu kule Buruburu. Waliishi mtaa wa Mbotela, chumba kimoja, watu watatu. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, alifariki katika ajali mwezi wa Februari. Ili jeneza lisafirishwe hadi Kitui, mama aliuza viti, meza, kabati na redio. Vilivyobaki ni kitanda, jiko, sufuria chache na vigoda viwili.

Kavutha alikuwa na miaka kumi na miwili, na chumba kile kilimtia aibu.

Jumanne moja Jacklyne, msichana wa darasa lake, alimkuta mferejini.

"Sasa, Kavutha! Mama amesema Alhamisi maombi ni kwenu. Watakalia nini? Mitungi?"

"Wakae kwa zamu," msichana mwingine akadakia. "Nusu waketi, nusu waimbe wamesimama!"

Wakaangua kicheko. Kavutha alijitwika mtungi wake kabla haujajaa, akaenda zake.

Kila Alhamisi akina mama wa kanisa lao walikutana katika nyumba ya mmoja wao kuomba. Walikuwa na desturi ambayo watoto hawakuijua. Hawakumuuliza mtu shida zake, kwa maana kumuuliza mjane kama ana njaa ni kumvunjia heshima. Walikuja, wakaomba naye, wakajionea kwa macho, kisha wakaenda kushauriana ni nani wa kusaidiwa.

Alhamisi ilipofika, mama akiwa bado kazini, Kavutha alibisha mlango wa Mama Ondiek, jirani yao.

"Mama amenituma," akasema, akitazama chini. "Anaomba utuazime viti. Tuna wageni wa maombi."

"Yawa! Mbona hakuniambia asubuhi?" Mama Ondiek akasema. "Chukua, nyathina, mtoto wangu. Vitambaa navyo chukua. Kiti bila kitambaa kiko uchi."

Alikuwa mwanamke wa mkono wazi. Alimpa makochi mawili, viti vinne, vikombe vya maua na saa ya ukutani. Kavutha akaomba na redio ya kaseti, akapewa. Walibeba pamoja mpaka chumba kikajaa.

Mama alifika akiwa ameandamana na wageni, kwani walikutana njiani. Alisimama mlangoni. Alitazama makochi, akatazama redio, kisha akamtazama bintiye. Angesema neno, angemwaibisha mtoto mbele ya watu. Akawakaribisha wageni waketi.

Mama Phares, kiongozi wao, alizungusha macho polepole.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mume ameitwa, lakini hakuiacha nyumba tupu."

Mama alifungua kinywa, kisha akakifunga.

Wageni walipoondoka, alisema tu, "Rudisha vitu vya watu. Na umwambie Mama Ondiek kwamba mimi sikukutuma."

Jumapili, baada ya ibada, ilitangazwa kwamba kanisa lilikuwa na cherehani iliyoachwa na mwanachama mmoja marehemu, apewe mjane mwenye haja zaidi. Akapewa Mama Aoko wa Shauri Moyo. Nje ya kanisa, Jacklyne alimvuta Kavutha kando. Safari hii hakuwa akicheka.

"Kumbe ilikuwa iwe ya mama yako. Mama anasema walimfikiria yeye kwanza, wakaja kujionea tu. Walipoona makochi na redio, wakasema nyinyi hamna shida."

Kavutha alipiga hesabu. Mama yake alijua kushona tangu usichana wake. Kwa cherehani ile wangekula.

Wiki hiyo mama alimkalisha karibu naye. "Kufua hakututoshi watatu," alisema. "Wavinya ataenda kwa nyanya yake, Kitui."

Jumamosi walimsindikiza hadi kituo cha mabasi. Wavinya, mtoto wa miaka mitano, alikuwa dirishani, amepakatwa na shangazi yake aliyekuja kumchukua.

"Kavutha, wewe utakuja kesho?" akauliza.

Kavutha alimpungia mkono. Basi lilipotoka, alilia mpaka watu wakageuka.

Hakurudi nyumbani na mama yake. Alitembea peke yake hadi Makongeni, nyumbani kwa Mama Phares, akamweleza yote: viti, redio, uongo wake na safari ya mdogo wake.

Mama Phares alimkalisha kitini. "Cherehani siwezi kuirudisha," akasema. "Mama Aoko ana watoto sita. Lakini hili hatutaliacha hivi."

Siku ya pili alifika Mbotela pamoja na Mama Aoko, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa.

"Dada, mimi mchana nauza mboga sokoni Gikomba," Mama Aoko alimwambia mama. "Mashine inalala bure. Kuanzia kesho, asubuhi nishone mimi, mchana ushone wewe. Au unataka nikubembeleze?"

Mama alicheka na kulia pamoja.

"Na Wavinya?" Kavutha akauliza.

"Mpaka kazi ishike," mama akasema. "Labda baada ya Krismasi."

Mama Phares alimshika Kavutha bega. "Mwanangu, Mungu hakutupa vitu ili tupimane navyo. Alitupa tuvitumie na tugawane. Mwenye navyo asijivune, asiye navyo asione haya. Ulipoificha shida yenu, uliwafichia pia waliotaka kuwasaidia. Na sisi tulitazama makochi, hatukumtazama mama yako usoni. Tumekosa."

"Hata mimi," mama akasema kwa sauti ya chini. "Nilipoona wananitazama kwa heshima, moyo wangu ulifurahi kidogo. Ndiyo maana nilinyamaza."

Jioni ile Kavutha alisonga ugali na, kwa mazoea, akaukata vipande vitatu. Alisimama na kisu mkononi, akikitazama kile kipande kidogo cha Wavinya.

"Kula, mwanangu," mama akasema. "Kesho nina kazi Shauri Moyo."