Gari Lako Bado Liko Ndani

Kaka yangu Marcel anapenda simu kuliko anavyopenda chakula. Nalisema hili mapema ili nikifika mbele msiniulize kwa nini hakushuka tu garini akafanya mambo kama watu wengine.

Jioni ile tulikuwa tunamleta Mama nyumbani Mugoma. Alifia hospitalini Mwanza, figo zilikuwa zimechoka. Garini tulikuwa wawili tu. Marcel alikuwa kwenye usukani wa pikapu yake, mimi Joyceline kiti cha nyuma, na Mama nyuma yangu ndani ya jeneza, chini ya turubai. Kilichotutenganisha ni kioo.

Kwetu maiti haiendeshwi kimya kimya. Gari linabeba mwili, lakini mwenyewe anakuja kwa kuitwa. Kila mnaposimama, kila mnapovuka maji, mtoto wa kwanza anamwita marehemu kwa jina lake lote na kumwambia mlipofika. Asipoambiwa, anabaki pale pale mlipomwacha. Mjomba Laurian, kaka yake Mama, alimrudia Marcel maneno hayo kwenye simu hadi nikamwonea kaka yangu huruma.

Na kusema kweli alianza vizuri. Tulipovuka ziwa alisema. Biharamulo, tuliponunua maji ya kunywa, alisimama nyuma ya gari mbele za watu, akavua kofia.

"Agness Nshoma wa Gervasi, tumefika Biharamulo. Tunaendelea."

Nililia pale. Sikujua kama anaweza kusema kwa adabu namna ile.

Jua lilikuwa linazama injini ilipochemka. Tulikuwa tumeshapita Lusahunga, tunakaribia upande wa Lukole. Hapo kando ya barabara mtu amejenga maegesho mapya ya malori, uwanja wa changarawe uliozungushiwa waya. Mimi napajua tangu utoto. Zamani palikuwa na mahema ya bluu ya wakimbizi, mengi, mpaka macho yanachoka kuangalia. Baadaye kambi zilifungwa na watu wakarudishwa kwao ng'ambo. Waliokufa hawakurudishwa.

Getini hapakuwa na mlinzi. Palikuwa na mti wa chuma uliolala kukatiza njia, na nguzo yenye kimashine chenye kitaa cha bluu. Basi Marcel akachangamka, msiba na yote. Akanieleza kwamba siku hizi hulipi kwa mkono, namba ya gari unaiandika kwenye simu mara moja, ukifika unaisogeza tu karibu na kimashine. Akatoa mkono dirishani.

Ti.

Mti ukainuka wenyewe. Simu ikaandika: *Karibu. Maegesho yameanza.*

Akashuka, akamwambia Mama kwa jina lake lote kwamba tumesimama kidogo, gari limechemka. Mpaka hapo hakukosea kitu.

Mimi nikaenda bombani na kidumu. Ndipo harufu ikanipata… moshi wa kuni mbichi, plastiki iliyolowa mvua, mahindi ya kuchemsha. Nikatazama huku na huku nione nani anapika. Hapakuwa na moto. Halikuwepo hata lori moja.

Kando ya waya walikuwa wamekaa wanawake.

Walikaa mstari mmoja, miguu wameinyoosha, kila mmoja na kifurushi mapajani. Nikadhani ni abiria waliokwamishwa na basi. Nikawaamkia, shikamooni. Hakuna aliyeitikia. Nilipokuwa nageuka, mmoja wa mwisho, mzee, akainua uso kidogo. Akanong'ona.

"Murataha?"

Ni Kirundi, lakini Kihangaza chetu na Kirundi ni majirani wa ukuta mmoja. Alikuwa anauliza kama tunakwenda nyumbani. Nikamjibu ndiyo, Bibi, tunakwenda nyumbani.

Akakaza fundo la kifurushi chake. Na wote, mstari mzima, wakaanza kukaza mafundo.

Sikukimbia, ila nilitembea haraka kuliko kawaida yangu. Nilimwambia Marcel tuondoke. Maji yakaingia kwenye rejeta, tukarudi getini. Akasogeza simu. Kitaa kikawa chekundu. Akaifuta simu kwenye suruali, akasogeza tena. Chekundu.

Nikamkumbusha amwite Mama kwanza. Akanijibu kwa ukali, amwite vipi na mashine inamsumbua? Giza lilikuwa linashuka. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, na hakuwa amemlilia mama yake hata mara moja. Alinyoosha mkono nje ya dirisha, simu ikielekea nguzoni, akaegemeza kichwa mlangoni. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima.

"Mama, twende nyumbani. Twende, mama."

Ti.

Mti ukainuka.

Na nyuma ya gari… pakazama. Taratibu, kama mtu mzito anapopanda kwa kujivuta. Niligeuka kwenye kioo. Nikaona turubai tu, na kamba zake.

Nikamwambia, Marcel, mwite kwa jina. Akasema si ameshasikia, akakanyaga mafuta. Tulipokuwa tunapanda vilima vya Ngara simu yake ikalia. Niliisoma mimi, kwa kuwa yeye alikuwa anaendesha. *Gari lako bado liko ndani. Maegesho yanaendelea.* Marcel akacheka kidogo, akasema mtandao wa huku una wazimu.

Mugoma tulipokelewa kwa vilio. Wanaume waliobeba jeneza walilalamika uzito, na Mama, Mungu amrehemu, mwishoni alikuwa hazidi mzigo wa kuni. Waliliweka sebuleni. Watu wakala. Nilikuwa nimekaa na shangazi Deodata kwenye kizingiti cha nyuma, tunatazamana na jiko la Mama, lile la udongo lililojitenga na nyumba. Tulikuwa tumelifunga. Mapishi ya msiba yalikuwa uani.

Ndani ya jiko, kifuniko kikalia.

Kikafunuliwa, kikarudishwa. Kikafuata kingine. Chungu kikasogezwa… kopo likatikiswa… rafu ikapapaswa polepole toka mwanzo hadi mwisho. Shangazi alinishika mkono. Mwanzoni alitabasamu, machozi yanamtoka, akasema Mama amefika, ameingia kwake. Kisha tabasamu likamtoka. Aliendelea kusikiliza.

"Anatafuta chumvi," akanong'ona. "Joyceline. Mwenye jiko hatafuti chumvi."

Chumvi ya Mama ilikaa kwenye kibuyu nyuma ya mlango miaka yote. Angeichukua amefumba macho. Niliinuka nikaenda kumwita Mjomba Laurian, naye akamwita Marcel pembeni, chini ya migomba. Hakumkaripia. Aliuliza kituo kwa kituo, na kila mahali Marcel alijibu sawa. Wakafika kwenye maegesho.

"Pale ulipoondoka, ulimwita nani?"

"Nilimwita Mama."

Mjomba aligeuka, akatazama jikoni.

"Pale Lukole," akasema, "akina mama ni wangapi?"

Sijawahi kumwona kaka yangu akikaa chini vile. Alikaa kwenye tope na suruali yake ya Mwanza.

Mjomba aliingia jikoni peke yake. Tulimsikia akiuliza kwa Kirundi, kwa heshima, kama unavyomuuliza mgeni aliyefika jioni. Alipotoka alituambia anaitwa Nimpaye. Mwanawe wa kiume alimwacha kambini akamwahidi atarudi kumchukua. Amesubiri mpaka mahema yakaondoka, na yeye mwenyewe hakumbuki alikufa lini. Halafu jioni ile akasikia kijana anaita mama, twende nyumbani. Akapanda. Mjomba alisema hawezi kumfukuza mtu aliyeitwa.

"Mfuateni mwenzake," akatuambia. "Mazishi ni saa nane. Nikimzika dada yangu hayupo, nimezika nguo."

Kulipopambazuka tulikuwa getini. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Marcel akasogeza simu, kitaa kikawaka chekundu, na maandishi yakatokea kwenye kimashine. *Gari hili tayari liko ndani.*

Akajaribu tena. *Gari hili tayari liko ndani.*

Nikashuka, nikainama chini ya mti, nikaingia kwa miguu. Uwanja ulikuwa mtupu, changarawe na bomba. Nikazunguka wote, naita jina lote. Kimya. Nikatoka kinyonge, nikasimama tena upande wa barabara, nikageuka.

Walikuwepo. Mstari mzima, kando ya waya.

Na Mama yangu alikuwa wa mwisho, pale alipokuwa amekaa Nimpaye. Alikuwa na kitenge cha kijani tulichomvalisha. Alikuwa ameshika mikono mapajani kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati, hana kifurushi, hana chochote. Marcel naye alimwona. Nilijua kwa jinsi alivyoacha kupumua.

"Agness Nshoma wa Gervasi," akaita. "Tumekuja. Twende Mugoma."

Mama akainua kichwa. Jamani, alitufahamu. Akasimama, akaja mpaka kwenye mti wa chuma, na pale akasimama. Mama yangu hakuwahi kuruka foleni wala kukanyaga shamba la mtu. Alisubiri mti uinuke.

Marcel alisogeza simu tena na tena. Alishika ule mti kwa mikono miwili akausukuma juu, mimi nikamsaidia, mishipa imetutoka, haukusogea hata unene wa kucha. Mama anatutazama tu. Anasubiri. Nguzoni palikuwa na namba ya huduma, Marcel akapiga. Akapokea dada mwenye sauti nzuri. Marcel akamwomba afungue geti. Dada akasema anaona gari letu, liko ndani tangu jana, hakuna tatizo, tulisogeze tu getini kwa ndani litoke. Marcel akamwambia gari liko nje, ameliegemea. Dada akamwelewesha tena, kwa upole.

"Mfumo unaonyesha liko ndani, kaka. Litoe kwanza."

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali na ukungu ukaisha. Ulipoisha, Mama naye hakuonekana tena. Mjomba akapiga, mvua inakuja na kaburi ni la udongo laini, hawezi kungoja. Marcel akamjibu kwa neno moja, zikeni. Tulirudi kama watu waliopigwa. Tulikuta watu wanasawazisha udongo, wanaimba.

Marcel hakurudi Mwanza. Alijaribu simu nyingine, kimashine kikajibu vile vile. Akaazima gari la Danstan wa Kibimba, na lile likaingia bila shida. Alilisimamisha, akaita jina lote, akafungua mlango wa mbele, akangoja. Wakati wa kutoka mti uliinuka, naye akatazama nyuma kutoka barabarani. Mama alikuwa amekaa pale pale. Alikuja na gari letu na alikuwa anasubiri gari letu. Na kila jioni ujumbe uliingia: *Gari lako bado liko ndani. Maegesho yanaendelea.* Nami nitasema ukweli, ujumbe ule ulikuwa unanipa moyo. Maana yake Mama bado yupo mahali tunapopajua.

Nimpaye naye alizoea. Hatukumwona. Tuliona jiko limefagiwa, kuni zimepangwa kwa namna isiyo ya kwetu. Jioni harufu ya mahindi ya kuchemsha ilitoka, na jikoni hakuna moto. Hakumdhuru mtu. Siku moja nilisikia mkono unakwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, kwenye kibuyu, na kifuniko kinafunguliwa bila kutafuta.

Nilichukia. Nilisimama uani nikalia kwa hasira, namlilia Mama, kwa sauti. Giza lilikuwa linaingia. Kutoka jikoni sauti ikaniita, ya kizee, imechoka, ina huruma ambayo sijaisikia tangu msiba.

"Mwanangu…"

Nilikuwa nimechoka. Sikufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe, kama ulivyojibu maisha yangu yote nikiitwa kutoka jiko lile.

"Abee, mama."

Simu ya Marcel ikalia sebuleni.

Nilimwona akiisoma. Akanyanyua macho, akatazama dirishani, pikapu iko uani, kuku wamelala juu yake. Akanipa simu.

*Gari lako limetoka. Asante. Safari njema.*

Tuliendesha usiku ule ule. Kutoka barabarani tuliwaona wote kando ya waya, mstari mzima, na mafundo yao. Mahali pa mwisho palikuwa wazi. Tuliita mpaka sauti zikakauka.

Nilikuwa nimemwitikia mwingine mama, na tangu hapo Mama hakuwa tena na gari la kungoja. Kwa hiyo kuna mtu alipita pale jioni ile. Labda ni dereva wa lori, labda ni mtoto anayesafirisha maiti yake kama sisi. Alinyoosha simu dirishani, kichwa kimechoka, akasema mama, twende. Alielekea wapi sijui, barabara ile inakwenda Rwanda, Burundi, Kahama, mpaka Dar es Salaam. Nimeuliza kila niliyeweza kumuuliza.

Ndiyo maana nawasimulia ninyi. Kama nyumbani kwenu jioni mnasikia mtu jikoni, anafunua vyungu, anatikisa makopo, msichome ubani wala msiite mtu wa kumfukuza. Anaitwa Agness Nshoma wa Gervasi, wa Mugoma. Ana kitenge cha kijani. Ni mpole, hatawasumbua.

Mwonyesheni tu chumvi iko wapi.