Sanduku la Bluu Chini ya Meza

Kila Jumamosi yenye mechi, Maylene Stroud aliamka saa kumi na moja alfajiri kumsaidia babu yake kupakia pikapu. Lilitangulia hema jekundu, likafuata jiko la mkaa, kisha viti vya kukunja, na mwisho kabisa mbavu za nguruwe zilizolala kwenye viungo tangu Alhamisi. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuhitaji kuambiwa kipi kinaanza na kipi kinafuata.

Watu wa Tolliver, mji mdogo wa Alabama, hawaendi uwanjani kutazama mpira tu. Hufika saa nyingi kabla ya mechi, wakapiga mahema penye maegesho ya magari, wakachoma nyama na kuchokozana na wapinzani. Mpinzani mkubwa wa Chuo cha Tolliver ni Chuo cha Pruitt, lakini Mzee Hoyt Stroud, babu yake Maylene, aliapa kutolitamka jina hilo maishani. Nyumbani kwake Pruitt iliitwa "kule ng'ambo", kwa kuwa iko upande wa pili wa mto. Mjukuu aliyeteleza ulimi akalitaja jina lenyewe alikosa kipande chake cha pai. Hata sahani za bluu, rangi ya Pruitt, hazikuingia kabatini.

Kinyongo hicho kilikuwa na umri wa miaka arobaini. Enzi hizo Hoyt alikuwa mchezaji wa Tolliver, na mpira wao ni ule wa kukimbia umekumbatia mpira wenye umbo la yai huku wapinzani wakikuangusha. Siku moja filimbi ilipulizwa, mchezo ukasimama, Hoyt akalegeza mwili. Ndipo mchezaji wa Pruitt, Cleon Whitlow, alipomvamia na kumvunja goti. Cleon alisema hakusikia filimbi. Hoyt hakucheza tena, na mpaka leo anachechemea. Kila Novemba Pruitt wanapokuja, Hoyt hupiga hema lake mkabala na la Cleon, katikati ikiwa njia ya gari moja tu, akamkodolea macho kutwa nzima bila salamu. Ukiniuliza mimi, aliyechoka kwa adhabu hiyo ni mwenye kukodoa.

Mwaka huo majirani wa bluu walianza uchokozi mapema.

"Mzee Hoyt!" kijana mmoja alipaza sauti. "Mmeleta vitambaa vya kufutia machozi, au tuwaazime?"

"Vyenu mtavihitaji wenyewe, kijana!" Babu alijibu, na wenzake wakacheka. Kisha akawaonyesha kwa uma sanduku la bluu la barafu lililokuwa karibu na kiti cha Cleon. "Mnaliona lile? Limejaa bia za kule ng'ambo. Atakayeniletea nampa kofia yangu."

Watu wazima walicheka, lakini Maylene hakucheka. Kofia ile nyekundu Babu alipewa siku aliyoingia timu, naye Maylene aliitamani tangu akiwa na miaka mitano.

Bendi ya chuo ilipopita barabarani, akina Whitlow walikwenda kuitazama. Maylene alivuka njia, akalinyakua sanduku, akarudi mbio. Babu alicheka mpaka akapaliwa. Alimvisha kofia mbele ya wote, akasema, "Huyu ndiye damu yangu!" Sanduku wakalisukuma chini ya meza, kitambaa chekundu kikalifunika. Maylene aliketi, akala ubavu wa nguruwe huku miguu yake ikigusa ubaridi wa sanduku. Furaha aliyokuwa nayo haikuwa na mfano.

Haikudumu. Baada ya saa nzima, ng'ambo ya njia palikuwa na purukushani. Watu walifungua magari, wakainua viti, wakapekua mifuko. Mzee Cleon alikuwa amejiinamia kitini, chupa ya maji mkononi, uso umemparama. Mkewe, Bi Ardith, alipita hema moja baada ya jingine akiuliza. Hatimaye akavuka njia. Kwa miaka arobaini hakuna Whitlow aliyewahi kukanyaga hapo.

"Samahani jamani. Kuna aliyeona sanduku letu la barafu? La bluu."

Babu hakumtazama hata usoni. "Hapa hakuna cha bluu, mama. Hatujaona kitu."

"Sikuja kugombana, Bwana Stroud. Mle mna insulini ya Cleon, na tangu jana hajachomwa. Sukari imepanda vibaya, na sasa ameanza kutapika. Tumeita gari la wagonjwa, ila wanasema barabara zote zimejaa, hawajui watafika saa ngapi."

Ubavu ulimdondoka Maylene. Alimtazama Babu, akangoja aseme. Babu aliyatazama makaa. Wenzake walitazama viatu vyao. Babu alikwisha kusema uongo mbele ya watu, na kujirudi kulimshinda. Bi Ardith alishukuru, akageuka kwenda hema linalofuata.

Maylene aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akisema, atamwumbua babu yake mbele ya rafiki zake wote. Asiposema, mzee wa watu anaweza kufa umbali wa hatua ishirini.

"Bi Ardith!" aliita. Alifunua kitambaa, akaliburuta sanduku nje. "Mimi ndiye niliyeliiba. Nilidhani ni bia tu. Nisamehe."

Bi Ardith hakupoteza muda kwa maneno. Alishika mpini mmoja, Maylene akashika wa pili, wakakimbia. Watu wa bluu waliiona kofia nyekundu wakaanza kuguna. "Mwizi huyo!" mmoja alisema. Maylene alisikia, akavumilia, kwa kuwa ni kweli. Bi Ardith aliitoa dawa kwenye barafu, akamchoma mumewe tumboni kama alivyozoea kila siku. Kisha wote wakangoja, wakitazama kijimashine cha kupimia sukari.

Maylene alipogeuka, alimwona Babu amesimama nyuma yake. Alikuwa amevuka njia akichechemea, bila kuitwa na mtu.

"Mtoto hana kosa," Babu alisema. "Mimi ndiye niliyemtuma, na mkeo alipouliza nikamdanganya. Nilijua lilipokuwa. Nimeona aibu, Cleon."

Kijana yule wa vitambaa vya machozi alitaka kufoka, lakini Mzee Cleon aliinua mkono. Kisha akamgeukia Hoyt.

"Niliisikia," alisema.

"Umesikia nini?"

"Filimbi, Hoyt. Siku ile niliisikia vizuri tu. Miaka yote hii nimekaa hapa mbele yako nikijiambia leo nitavuka nikamwambie. Sikuthubutu."

Babu alitafuta kiti cha bluu kilichokuwa karibu, akakikalia. Hawakukumbatiana. Walikaa hapo mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na wahudumu wakasema dawa imeanza kufanya kazi, ila watampeleka hospitali akaangaliwe. Babu alisaidia kusukuma machela.

Jioni, ndani ya pikapu, Maylene aliivua kofia akaiweka kitini. "Chukua, Babu. Sikuipata kwa haki."

"Kweli hukuipata kwa haki. Utaipata siku nyingine." Babu alipunguza mwendo. "Nisikilize, mjukuu wangu. Kushangilia timu yako ni raha, na kuwatania wapinzani ni sehemu ya mchezo. Lakini mimi nilibeba kinyongo mpaka nikasahau kwamba aliyevaa bluu anaumwa kama mimi. Mbaya zaidi, nikakufundisha wewe. Leo wewe ndiye uliyenifundisha. Ukikosea, sema upesi, kabla uongo haujakufunga mdomo kama ulivyonifunga."

Simu ililia. Alikuwa Bibi Opal, aliyebaki nyumbani.

"Hoyt, vipi, tumeshinda?"

"Tumepigwa."

"Masikini! Yaani kule ng'ambo wametufunga tena?"

Babu alimtazama Maylene, akakohoa kidogo.

"Pruitt," alisema. "Wanaitwa Pruitt, Opal. Na wamecheza vizuri."

Upande wa pili wa simu kijiko kilianguka sakafuni.

"Hoyt," Bibi aliuliza hatimaye, "unaumwa?"