Alama za Vema za Mashine ya Nne

"Kumbukumbu?" Tilek aliuliza, kalamu mkononi.

"Gigabaiti nane," Begimai alisoma kwenye skrini.

"Diski ya pili?"

"Tupu. Haina hata faili moja."

"Saa yake?"

"Tisa na dakika kumi. Andika basi, kobe wewe! Saa kumi na moja umeme unakatwa, na wewe bado unaremba herufi."

Tilek alicheka tu, akaendelea kuandika polepole.

Klabu ya kompyuta ya shule yao, mjini Naryn kwenye milima ya baridi kali, ilikuwa ikiandaa seva nne zilizokwisha kutumika ili zifanye kazi kama ghala moja la faili. Kila faili ingekuwa na nakala katika mashine zaidi ya moja. Moja ikiharibika, nyingine ingeiokoa. Lakini mfumo huo ulikuwa na masharti, na Mwalimu Sabira alikuwa ameyachapa kwenye karatasi. Kila seva iwe na kumbukumbu ya kutosha, diski ya pili iliyo tupu, na saa inayolingana na za wenzake. Mmoja asome, mwingine aandike, kisha msomaji apige alama za vema na kutia jina lake.

Mashine tatu zilikuwa mle darasani. Ya nne ilikuwa katika chumba cha ng'ambo ya ua, na ufunguo wake alikuwa nao mzee wa tanuri, aliyechochea moto wa kupasha shule joto. Huko nje theluji ilifika magotini.

"Nenda kanywe chai," Begimai alimwambia Tilek. "Ya nne nitaimaliza mwenyewe."

Alipobaki peke yake, alitazama dirishani, akaitazama karatasi. Si mashine zote zilikuwa za aina moja? Akanakili mstari wa tatu kwenye mstari wa nne, akapiga vema, akatia jina lake.

Mwalimu Sabira aliporudi aliipokea karatasi kwa furaha. "Ahsante, binti yangu. Umefanya kazi ya mtu mzima."

Begimai aliinamisha kichwa.

Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa na nywila ya kuziamuru seva zote kutoka mezani. "Sasa tunazisafisha diski za pili ili mfumo mpya uzitumie," alisema. "Kikifutwa kitu hapa, hakirudi." Akaanza na ya kwanza, kisha ya pili.

Tilek aliingia na kikombe chake cha chai. "Mwalimu, ile ya nne si ilitoka chumba cha muziki? Ndiyo waliyomrekodia marehemu babu yangu akipiga komuzi, lile gitaa lake la nyuzi tatu."

"Begimai ameikagua. Ameandika ni tupu."

"Ah, kama ameikagua, sawa," Tilek alisema, akaketi.

Begimai alimtazama. Afadhali angembishia! Mwalimu alimaliza ya tatu, akaanza kuandika amri ya nne.

"Mwalimu, usifute!" Begimai aliita. "Sikwenda. Nilinakili tu."

Tilek aliweka kikombe chini.

"Kwa nini, Begimai?" Mwalimu aliuliza.

"Niliogopa baridi. Na nilitaka tumalize leo."

Mwalimu hakufoka. Alichukua koti lake, wakaenda wote watatu hadi kwa mzee wa tanuri, kisha kwenye chumba cha mashine ya nne. Kwenye diski ya pili kulikuwa na faili mia mbili na kumi na mbili. Mwalimu alifungua moja. Katika rekodi babu yake Tilek alikohoa, akasema, "Mmeshawasha?" kisha nyuzi zikaanza kulia.

Tilek aligeukia ukutani.

"Nisamehe," Begimai alimwambia, akishindwa kumtazama.

"Ulisema kabla haijafutwa," Tilek alijibu. "Lakini uliniambia utakwenda."

"Hata mimi nilipaswa kutazama kabla ya kufuta," alisema Mwalimu Sabira. "Ila sikilizeni. Ukitia jina kwenye alama ya vema, unamwambia mwenzako asihangaike kutazama, wewe umeshatazama. Atakuamini. Kwa hiyo usiitie kwa jambo ambalo hujaliona kwa macho yako. Na ukikosea, sema mapema, hata kama unaona aibu."

Saa kumi na moja ilikuwa karibu. Kunakili faili zote kusingewezekana siku ile. Wakaizima mashine taratibu. Begimai alikata mstari wa nne wote, pamoja na jina lake, akachora mwingine chini yake na kuuacha mtupu.

"Kesho nani atasoma?" Mwalimu aliuliza.

Begimai alimpa Tilek karatasi. "Asome yeye," alisema. "Mimi nitaandika."