Kioo Cheusi cha Helmeti ya Thoa

"Hiyo vua," alisema Khải. "Ukianguka nayo hiyo, taya linabaki barabarani."

Thoa alikuwa amesimama mbele ya kioo cha duka, kichwani ana helmeti ya uso wazi, rangi ya majani ya chai, na alikuwa amejipenda. Nyepesi, masikio yanapumua, sura inaonekana. Mjini Cần Thơ wasichana wengi huvaa zile za nusu kichwa, zinazokaa kama bakuli lililofunikwa, basi tu polisi asipige filimbi. Wenye tahadhari kidogo huvaa za uso wazi. Wa safari ndefu ndio hujifungia kwenye zile za kufunika mpaka kidevu. Na safari ndefu kuliko zote ya Thoa ilikuwa kutoka kwa mama yake hadi shule ya chekechea anayofundisha.

Khải akatoa rafuni helmeti nzito nyeusi yenye mstari mwekundu, kioo chake cha uso cheusi tii, ukitazama kwa nje huoni hata ncha ya pua ya aliyeivaa. Akamvika mwenyewe na kumfunga kamba kidevuni.

"Kaka Khải, humu ndani nitaiva," alisema Thoa, kwani wapendanao wa kwao huitana kaka na mdogo.

"Iva, lakini uwe mzima. Nataka kuoa mke mwenye meno yote."

Muuzaji akacheka, Thoa naye akacheka. Alikuwa mchumba wa mtu, hereni za uchumba za dhahabu zilikuwa masikioni, harusi ilikuwa imepangwa baada ya mwaka mpya. Akaona kwamba huu ndio upendo, mwanaume anayefikiria mpaka meno yako. Khải akamwambia asihangaike kuibeba kwenda shuleni, watoto wangeichezea. Itaning'inia kwenye pikipiki yake, akija kumchukua ataivaa. Hilo nalo Thoa akalihesabu kuwa ni mapenzi.

Malalamiko yalianza kwa shangazi Bảy, jirani yao wa zamani aliyehamishia kibanda chake cha supu ya tambi kule Cái Răng, ng'ambo ya daraja. Alikuja nyumbani amenuna. Alisema siku hizi Thoa ameota mapembe, anapita na mchumba wake mbele ya kibanda, anaitwa kwa jina, na hageuki, kama vile shangazi ni nguzo ya umeme. Thoa akamwambia amemfananisha, Cái Răng hajafika tangu msimu wa mvua uanze. Shangazi akasema macho yake hayajaharibika. Helmeti anaijua, pikipiki anaijua, Khải anamjua, na kila Jumatano jioni ni wao.

Kisha mke wa fundi saa akasema amemwona Thoa kwenye gati, amemng'ang'ania Khải mgongoni kama mjusi ukutani. Mwingine akasema la gati ni dogo. Yeye aliwaona wakiingia nyumba ya wageni.

Maneno hayo yalimfikia mama yake Thoa akiwa anapara samaki uani. Watu humwita Mama Sáu. Ni mjane, na alimlea binti huyu mmoja kwa kushona vyandarua. Hakunawa. Alimpiga Thoa kofi kwa mkono uleule, magamba yakabaki yamenata shavuni.

"Nyumba ya wageni," alisema. "Mchana kweupe. Umeshindwa hata kusubiri harusi?"

"Mama, sikuwa mimi."

"Mtaa mzima unaijua helmeti yako."

Thoa akaapa kwa picha ya baba yake iliyo juu ya meza ya ubani. Mama yake akamwambia asimchafue marehemu, akarudi kwa samaki wake, na tangu saa ile akaacha kumsemesha. Chakula alipakua, akasogeza bakuli, akageuza uso.

Thoa alijifungia bafuni akampigia Khải.

"Kaka, watu wanasema wametuona tukiingia nyumba ya wageni, Cái Răng."

Alimsikia anatafuna kitu. Kutafuna kukakoma.

"Wametuona nani na nani?"

"Mimi na wewe."

Khải akashusha pumzi. Thoa alizisikia vizuri zile pumzi, za mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi mwambie mama ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo tulikwenda. Mdogo wangu, si tunaoana? Atakasirika leo, kesho atasahau. Ukikataa ndio maneno yatazidi kukua."

"Lakini sikwenda."

"Najua hukwenda. Sema tu."

Akarudi kutafuna. Thoa alikaa na simu sikioni. Mwanaume asiye na hatia angeshtuka. Angeuliza ni nani anamzulia, angewasha pikipiki aje kumtetea mbele ya mama. Huyu alikuwa amefurahi.

Kesho yake alasiri Khải alikuja kumchukua shuleni kama kawaida, mkononi ana juisi ya miwa kwenye mfuko, shati limenyooshwa. Akampa helmeti. Thoa akaivaa kwa mazoea tu.

Mvua haikuwa imenyesha, lakini sponji za ndani zilikuwa na unyevu, tena wa vuguvugu. Harufu ikampanda puani: mafuta ya nazi yaliyochacha, marashi ya stroberi ya bei rahisi, na chini yake jasho la kichwa cha mtu. Si jasho lake. Mbele ya mdomo wake, pale sponji inapogusa kidevu, kulikuwa na utando mgumu wa rangi ya mdomo ya chungwa. Yeye hakuwahi kupaka rangi hiyo. Na shavuni kitu kilikuwa kinamtekenya kama mguu wa mdudu. Akaingiza kidole, akakivuta. Kilikuwa kope ya bandia, gundi yake bado mbichi, ikamnata kwenye ncha ya kidole.

Akakumbuka safari zote alizopumulia mle ndani, mdomo wake umelala pale pale palipolala mdomo mwingine, akinyonya hewa iliyobaki ya mtu asiyemjua. Akaivua na kuwahi mtaroni. Alitapika wali wote wa mchana, wazazi waliokuja kuchukua watoto wakimwangalia.

Khải alishuka akampapasa mgongo, akamuuliza kama amekula kamba waliooza. Kile kiganja juu ya mgongo wake Thoa alikisikia kama kitambaa cha kufutia sakafu. Akajisogeza. Akamwambia anaumwa, atatembea.

Hakugombana naye. Alijua akisema, Khải atakuwa na jibu, na mama atamwamini Khải. Usiku ule akasema na mgongo wa mama yake.

"Mama, Jumatano twende tukale kwa shangazi Bảy. Ukishakula, kama bado unataka kunipiga, nipige."

Jumatano ilipofika Mama Sáu alivaa nguo yake ya kutokea.

Kibanda cha shangazi Bảy kinatazamana na nyumba ya wageni yenye taa za zambarau. Walikaa kwenye vile viti vifupi vya plastiki, supu ikaletwa. Mama Sáu alikula polepole huku akimkagua binti yake kwa jicho la pembeni. Jua lilikuwa linaanza kulegea pikipiki ya Khải ilipotokea darajani na kusimama upande wa pili wa barabara.

Nyuma ya Khải alikaa Thoa. Helmeti nyeusi yenye mstari mwekundu, umbo jembamba, hata jaketi jeupe la kukinga jua ni kama lake. Mikono yake ilikuwa imezunguka kiuno cha Khải.

Mama Sáu akatazama barabara. Akamtazama mwanawe aliyekaa ubavuni kwake na vijiti vya kulia mkononi. Akatazama tena barabara. Shangazi Bảy alikuwa ameachia upawa ukazama kwenye sufuria.

Mama Sáu akainuka, akavuka barabara bila kuangalia magari, Thoa nyuma yake. Akafika kwenye ile pikipiki na kugonga kioo cheusi kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Fungua, binti. Nataka kumwona mwanangu."

Kioo kikapanda. Ndani mlikuwa na msichana wa watu, macho makubwa, kope ndefu, midomo ya chungwa. Alitazama yule mama, akamtazama Khải.

"Khải, huyu nani?"

"Mama, twende pembeni tuongee," Khải alisema.

"Sijakuuliza wewe. Binti, unaitwa nani?"

Aliitwa Diệp, na aliuza makava ya simu sokoni. Alieleza bila kuficha, kwa sababu hakujua kama kuna la kuficha. Khải ni mchumba wake. Ana mama mkali, kwa hiyo mpaka siku atakapompeleka nyumbani, alimwomba asifungue kioo wakiwa njiani. Helmeti alinunuliwa yeye.

"Alisema anataka mke mwenye meno yote," Diệp akamalizia, na hapo akaona uso wa Thoa ulivyobadilika. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye hiyo helmeti."

Nywele za Diệp zilikuwa fupi, zimepakwa rangi ya kahawia.

"Kuna nywele ndefu nyeusi nilikuwa nazikuta humu," alisema polepole. "Aliniambia ni za dada yake."

"Ni zangu."

Diệp akajishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyehisi chawa wanatembea. Aliivua ile helmeti kwa pupa mpaka hereni ikanasa, akatema mate chini, akatema tena, akafuta midomo kwa mkono wa jaketi mpaka rangi ikaenea kidevuni. Akamsukumia Khải kifuani. Khải hakuidaka vizuri. Ikadunda kwenye lami, ikaviringika na kutumbukia kwenye mtaro wa maji machafu ya vibandani, ikaelea kati ya maganda ya vitunguu.

Wanawake watatu walikuwa wamesimama wanamngoja aseme neno. Khải akapiga magoti, akatia mkono mtaroni, akaiokoa helmeti.

Mama Sáu alimtazama akiikung'uta maji. Hakumtukana. Akamshika Thoa mkono na kumshika Diệp mkono, akawavusha barabara wote wawili, akamwambia shangazi Bảy amletee yule msichana maji ya kusukutua.

Usiku ujumbe ukaanza kuingia kwenye simu ya Thoa.

"Mdogo wangu, kwa yule ulikuwa mwili tu. Moyo ni wako."

"Mwanaume gani hajateleza? Tusiwape watu faida."

"Kadi za harusi zimeshatoka. Fikiria mama yako."

Asubuhi ukaingia mwingine, na huo Thoa aliusoma akiwa ameishika simu mbali, kwa vidole viwili.

"Nimeifua. Sponji zote nimezitoa nikazisugua kwa sabuni, nikaanika juani. Sasa inanukia. Unaweza kuivaa tena."

Akajibu maneno mawili tu: "Vaa mwenyewe."

Wajomba wakaja. Walisema wageni wamealikwa, ukumbi umeshikwa, na msichana akivunja uchumba, watu hawaulizi sababu. Walisema Khải ana kazi nzuri ya kufunga viyoyozi na hapigi watu wala hanywi. Mama Sáu aliwamiminia chai, akawasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akamwambia binti yake ageuke. Akamvua hereni za uchumba kwa mkono wake, moja moja, akazifunga kwenye kitambaa.

"Desturi inasema tukivunja sisi, tunarudisha," alisema. "Twende tukarudishe."

Nyumbani kwa akina Khải walikaribishwa vizuri. Kulikuwa na chai na vipande vya nanasi. Khải alikaa karibu na baba yake, amenyoa ndevu, shati limenyooshwa, macho ameyaelekeza magotini kama mtoto aliyefundishwa namna ya kukaa. Mama yake ndiye aliyesema. Alisema mwanawe amekosea na ameomba msamaha. Kijana kabla ya ndoa ni kama maji, hufuata mfereji wowote, akishapata mke na mtoto atatulia. Akasema anajua Thoa ana hasira, na hasira ya msichana mwema haidumu.

"Mchukie wiki, mchukie mwezi," alimwambia. "Halafu mrudie mwenzio."

Thoa aliinua macho. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimejaa, hakukigusa.

"Mama, simchukii," alisema. "Ningemchukia ingekuwa afadhali, ningeweza kumsamehe. Tatizo namwonea kinyaa. Alitaka niseme mbele ya mama yangu kwamba nimelala mahali ambapo sikulala, ili yeye apate kuendelea. Nimepigwa kwa ajili ya mwili wa mtu mwingine, na alipojua akafurahi. Chai hii nimeshindwa kuinywa kwa sababu sijui kama kikombe kimewahi kugusa mdomo wake. Sasa niambie, nitalalaje naye kitanda kimoja?"

Baba yake Khải alimtazama mwanawe, akahamisha kiti chake kidogo, akawa mbali naye. Mwishowe mama mtu akanyoosha mkono, akachukua kitambaa chenye hereni mezani.

"Mdogo wangu," Khải akaanza.

"Usiniite hivyo," Thoa akamkata.

Waliondoka kwa pikipiki ya Mama Sáu, mama mbele, binti nyuma, vichwani wana zile helmeti za nusu za kwendea sokoni. Lakini Mama Sáu hakunyoosha nyumbani. Alisimama mlangoni kwa fundi saa, bila kuzima injini, akamwita mke wake atoke.

"Uliyemwona gatini hakuwa mwanangu," alimwambia. "Mwanangu alisema kweli, nami nikampiga. Wewe utasema hivyo kwa wote uliowaambia lile la kwanza."

Akaenda nyumba ya pili, akasema yaleyale. Nyumba ya tatu alisema kwa sauti kubwa zaidi, hata wauza mboga wa ng'ambo wakasikia, na alipofika kwenye maneno "nikampiga" sauti ilimkatika, akakohoa, akayarudia tangu mwanzo.

Thoa alikaa nyuma yake. Watu walitoka vibarazani wakamtazama usoni, naye akawatazama, mmoja mmoja, mpaka wao wakainamisha macho.