Chumvi ya Mpagazi

Jioni ile nilitoka nyumbani kwenda kufunga kibanda changu cha vyakula, nje kidogo ya Masumbwe. Mume wangu, Maganga, nilimwacha sakafuni akikunjua noti alizozitoa kwenye duara, shimo la dhahabu lililoachwa miaka mingi.

Noti za karatasi hafifu, zimeandikwa rupia, mwaka 1916. Tajiri mmoja wa Mwanza, aliyetumiwa picha, alisema Wajerumani walizichapa wakati wa vita, sarafu zilipowaishia, wakawalipa nazo wapagazi waliowabebea mizigo. Angekuja kuzinunua kesho yake.

"Kopo lenye noti hizi lilikuwa mkononi mwa mifupa ya mtu," Maganga alinieleza. "Ana mnyororo shingoni. Nilimvunja vidole ndipo likatoka."

Nilikuwa nashusha turubai niliposikia harufu. Udongo mbichi... na damu.

Mzee mmoja alisimama mbele ya meza.

"Shikamoo."

Mkono wake wa kulia haukuwa na vidole. Kwa ule wa kushoto akanisogezea noti.

"Chumvi," alinong'ona.

Niliitambua noti ile. Ilikuwa kama zile za Maganga.

"Hii haipokelewi, mzee."

"Hata hapa?"

Alisema kwa uchovu tu, bila hasira. Akageuka, akashika njia ya kwangu. Chuma kilikuwa kinaburuzika nyuma yake.

Kra... kra... kra...

Kisha Maganga akapiga yowe.

Nilikimbia. Nilimkuta mume wangu chali, yule mzee amempanda kifuani, anamshindilia noti kinywani. Taya lilikuwa limevunjika, linaning'inia. Damu ilimtoka puani kwa mapovu. Nikashika mchi wa kinu, nikampiga yule mzee mgongoni kwa nguvu zangu zote. Nikarudia. Mchi ulizama kama kwenye tope.

"Madukani walizikataa zote," alisema bila kunitazama. "Azile yeye."

Akaongeza nyingine. Miguu ya Maganga ikaanza kutulia.

"Naipokea," nikasema. "Nipe mimi. Chumvi nitakupa."

Akaacha.

Nilileta pakiti ya jikoni. Akaipokea. Akaniwekea noti kiganjani, baridi kama nyama ya mtu aliyekufa. Nilipoinua macho, tulikuwa wawili tu ndani, mimi na Maganga.

Hospitali walimtoa Maganga karatasi hadi kooni. Yuko hai, lakini hajasema neno tena. Polisi waliandika kwamba walikuwa majambazi.

Siku ya tatu nilimwomba Abel, mwenzake wa kazini, ashuke duarani akaizike ile mifupa vizuri. Alikaa humo chini muda mrefu. Alipopanda uso ulikuwa umempauka, akaketi juu ya kifusi.

"Mama Dorah, Maganga alikwambia aliona watu wangapi?"

"Mmoja."

Akajifuta midomo.

"Ule mnyororo wa shingoni unaendelea, mama. Nimeufukua hatua ishirini. Kila hatua kuna mtu, na kila mtu ana kopo lake... na bado unaingia ukutani."