Pumzi ya Mwalimu Gasper

Baridi ya Juni ilikuwa imewakunyata watu wa Tunduma ndani ya makoti, lakini Mwalimu Gasper alipofungua kasha lake asubuhi, filimbi ilikuwa na joto. Joto la mdomo, kana kwamba kuna mtu ameibandua midomoni sasa hivi. Tena ilinuka maganda ya kahawa yaliyooza.

Gasper hakuwa mpiga filimbi wa kubahatisha. Alisomea Ulaya muziki wa noti, akapiga kwenye kumbi ambazo mtu akikohoa anageukiwa na safu nzima, na pumzi yake ilikuwa ndefu hadi wenzake wakawa wanamtazama kifua badala ya vidole. Kazi zilipokauka akarudi mpakani kufundisha. Wanafunzi wakamkimbia mmoja mmoja. Akabaki Ketrina, binti wa wakulima wa Itaka, na huyo alikuwa anajua kweli. Jumamosi walimu wa chuo cha muziki cha Dar wangekuja kumsikiliza kanisani. Akichukuliwa, Gasper naye angeitwa akafundishe huko. Hakuwa na tumaini lingine.

Siku hiyo, katikati ya somo, akimpigia Ketrina mfano, akafika penye kituo cha wimbo, akaondoa mdomo. Sauti ikaendelea.

"Mwalimu," Ketrina akanong'ona, "mbona hupulizi?"

"Nyamaza, mwanangu. Funga dirisha."

Mchana akateremka bondeni Momba kwa Bi Stamili, mtoa majini. Mama yule akambandika sikio mgongoni, akakaa hivyo kitambo.

"Humo mko wawili, mwalimu. Mwenye mapafu ni mwenzako."

"Nimempatia wapi, mama?"

"Nani alikuwa anakupulizia filimbi?"

Gasper akakumbuka. Mwalimu wake wa Ulaya, mzee mgonjwa, alikuwa akimpashia filimbi kwa pumzi yake kila kabla ya somo, maana filimbi ya baridi hushuka sauti. Kumbe huko nako majini yapo. Na yeye amewapashia wanafunzi wake vivyo hivyo.

"Amekuchoka, anatafuta nyumba mpya," Bi Stamili akasema. "Nikimtoa leo, anakwenda na pumzi zake. Utabaki na za kwako, za kupandia kitanda."

"Tumtoe Jumapili, mama. Jumamosi nina wageni."

"Haya. Ila usimpulizie mtu filimbi. Umenisikia, baba?"

Alisikia vizuri sana.

Jumamosi kanisani ukungu uliingia hadi kwenye mabenchi. Ketrina akampa filimbi kama kawaida. "Nipashie, mwalimu." Gasper akawatazama wageni, akaitazama filimbi baridi ambayo ingemwangusha mtoto na yeye pamoja naye, akaiona Dar, akauona ukumbi, akaipeleka mdomoni na kupuliza taratibu, na kitu kikamtoka kifuani kikikwaruza koo kama kamba ya kisimani, kikaingia mle kwenye bomba, harufu ya maganda ikatanda, naye Ketrina akaipokea, akapiga, akapiga, mabega yasiinuke hata mara moja.

Wageni walisimama, wakapiga makofi. "Huyu tunaondoka naye. Na wewe mwalimu, hebu tupigie kidogo."

Gasper akapuliza. Ikatoka hewa tupu, kama tairi linaloishiwa upepo. Wageni wakatazama viatu vyao.

Pembeni Ketrina alikuwa ameshakaa, mikono mapajani, mdomo umefumbwa, macho yakimwomba mwalimu wake msaada, na wimbo ulikuwa bado unatoka kifuani mwake. Wageni wakadhani ni mwangwi wa kanisa, wakapiga makofi tena. Gasper, ambaye angeweza kusema, akapiga nao.